Bamia za Kitambaa Chekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka hoi. Mashine kubwa ya kukaushia iligoma tangu asubuhi, mashuka ya wodi zote yakaja mezani kwetu yakiwa mabichi. Pasi na shuka bichi! Mvuke usoni mchana kutwa. Msimamizi wa dobi anapita nyuma yetu akisema tujitahidi. Tujitahidi vipi zaidi, tuyalalie? Miguu imevimba, viatu nilivivua getini nikaingia peku.

Nikaenda moja kwa moja bustanini. Sikunywa hata maji. Ile nusu saa kabla ya giza ndiyo yangu pekee kwa siku nzima. Hakuna wa kuniita, hakuna wa kuniuliza chumvi iko wapi. Kipande chenyewe si kikubwa, kati ya ukuta wa nyuma na kamba ya kuanikia nguo. Mchicha, nyanya, karoti mstari mmoja, hoho zilizokataa kukua. Na bamia za mama.

Bamia zimebeba kweli. Leo nimechagua mashina matatu ya mbegu, yale bora kabisa. Nimechana blauzi yangu nyekundu iliyopasuka kwapani, nikafunga kila shina kitambaa nisije nikajisahau nikachuma. Mama alifanya hivyohivyo. Bora kuliko zote haziliwi, zinaachwa pale pale zikauke mpaka zilie ukizitikisa. Kisha alikuwa akimimina mbegu kwenye sahani yake nyeupe ya bati aone rangi: nyeusi za kupanda, nyeupe za kuku.

Mwaka jana ukungu uliharibu karibu zote, nikaambulia mbegu za kiganja tu, na zote nimezipanda msimu huu. Kopo la mbegu ni tupu. Mashina haya matatu yakienda, bamia za mama zimekwisha. Za dukani nimezijaribu — ndefu, ngumu, zinawasha mikono, na hazina ladha ya kitu chochote.

Ijumaa ni siku ya mwisho ya mume wangu, Spana, gereji. Anastaafu. Nimemuuliza anajisikiaje, akasema kawaida.

Jumamosi, 8 Machi

Jana walimuaga. Saa ya ukutani, hotuba, soda. Amerudi na sanduku lake la vifaa, akaliweka katikati ya sebule na kuliangalia.

Leo nimeamka nikamkuta jikoni, ovaroli mwilini, buti zimefungwa kamba. Anaenda wapi? Hajui. Miaka yote ya kutengeneza mabasi, mwili umeamka wenyewe na kujivalisha. Nilimhurumia. Nilikuwa na zamu ya Jumamosi, nikamwachia chai nikaondoka.

Niliporudi — jiko langu! Sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Vijiko vimelala upande mmoja kama wagonjwa wodini. Bawaba ya mlango wa nyuma imetiwa mafuta. Mlango ule umelia miaka na miaka, nilikuwa najua nani anaingia kwa mlio wake. Na sahani ya mama ameipandisha juu kabisa ya kabati, eti haitumiki kila siku. Mimi siifikii. Nikasema vizuri, pamependeza. Ningesema nini? Amesimama hapo na kitambaa cha kufutia mikono, anasubiri.

Binti yetu kapiga simu. Anasema nimpe baba yake shughuli, wanaume wakikaa bure wanaugua. Mimi nani atanipa kukaa bure?

Jumanne, 11 Machi

Nimemkuta bustanini.

Ana tepu ya kupimia. Ana kamba ameivuta kutoka ukutani mpaka kwenye nguzo. Ana pima maji, ameiweka juu ya tuta la mchicha aone kama liko sawa! Na karoti amezing'oa zote, akazipanda upya kwa nafasi zinazolingana, kwa sababu, anasema, zilikuwa zimebanana na hazikuwa kwenye mstari.

Nilimwambia karoti haihamishwi. Ukishaing'oa ukairudisha inaota miguu miwili, inakuwa suruali. Akanitazama akidhani natania. Kisha akacheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha uchovu.

Anapiga mluzi. Tangu mwaka jana waliposema umri umefika sijamsikia akipiga mluzi. Sasa nitamtoaje? Amekaa ndani ya nusu saa yangu na mabuti yake, na ana furaha.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini wawili hawakuja. Pasi zao zimekuwa zetu.

Jioni Spana ananifuata mstari kwa mstari. Hii inaitwaje, hii inanywa maji kiasi gani, hii mbona jani lina tundu. Najibu kwa mkato. Nataka kusimama tu. Kusimama na kuangalia kitu cha kijani ambacho si ukuta wa wodi.

Akasema ameona alama zangu, nisijali, atazishughulikia yeye. Alama gani? Sikuuliza. Nikasema haya, asante. Nilitaka anyamaze.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alinisubiri getini. Ameoga, amevaa shati safi. Akanipokea mfuko, akasema njoo uone kwanza kabla hujakaa. Akaniongoza kwa mkono, mimi mwenyewe, kwenye bustani yangu.

Mashina matatu ya bamia yamelazwa juu ya gunia. Sambamba. Mizizi ameiosha! Mashimo ameyafukia, ameyasawazisha, hata mtu asingejua palikuwa na kitu. Na vitambaa vyangu vyekundu ameshavifua, vimeanikwa kambani kwa vibanio.

"Niliona umezitia alama halafu huna nguvu za kuzing'oa," akasema. "Zilikuwa zimekomaa mno, hazifai tena. Gereji kwetu kifaa kikifungwa kitambaa chekundu, maana yake ni moja tu: kimekufa, kitoe. Nikasema leo akute kazi imeisha."

Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri basi liwake.

Nikasema asante.

Nikaingia bafuni nikafungua maji yatiririke ndoo nzima ili asinisikie. Nimelia. Nimezililia bamia! Mwanamke mzima mwenye mjukuu. Nilipotoka alikuwa ameshaenda kumsimulia jirani namna alivyonisaidia. Nikachukua tunda moja kutoka kwenye gunia nikalipasua kwa kucha. Ndani nyeupe. Laini kama punje za mahindi machanga. Zilihitaji wiki chache tu.

Nyeupe za kuku.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nimeyafunga mashina yote matatu kwa pamoja, nikayaning'iniza kichwa chini, chini ya paa la uani. Mama aliwahi kufanya hivyo mwaka mmoja mvua ilipowahi. Tunda likiwa limekaribia, linaweza kujimalizia lenyewe kwa nguvu iliyobaki kwenye shina. Likiwa halijakaribia, linanyauka tu. Haya hayajakaribia, naona. Labda yale ya chini kabisa, yaliyotangulia kutoka. Labda.

Spana akauliza, mbona unazitunza takataka? Basi nikamwambia. Sikupaza sauti, sina hata sauti ya kupaza. Nikamweleza kitambaa ni cha nini, kopo liko vipi, na mbegu zilitoka kwa nani.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono katikati ya magoti. Mama alikuwa anampenda mno Spana. Siku alipokuja kujitambulisha alimpikia bamia hizo hizo na akamwongeza mara mbili, sisi watoto tukabaki tunakwangua sufuria.

Mwishowe akauliza kama hakuna mwingine mwenye mbegu. Nikasema hakuna. Halafu nikasema, isipokuwa dada, mama alimgawia naye.

"Basi mpigie."

Nikamwambia bora nisile bamia mpaka nizikwe.

Naye anajua kwa nini. Alikuwepo. Mama aliugulia hapa, kwenye chumba kile chenye dirisha dogo. Nilimwogesha mimi, nilimgeuza mimi, nilikwenda kazini kupiga pasi mashuka ya wagonjwa wa watu na nikarudi kufua ya mgonjwa wangu. Dada alikuja mara mbili, na machungwa. Na siku ya mazishi, mbele ya umati, akasema kwa sauti mama angekuwa hai kama angekuwa na mtu wa kumwangalia. Watu wote wakanigeukia. Nilifyata ulimi kwa sababu maiti ilikuwa bado ndani. Tangu siku ile sijamsemesha, naye hajanisemesha.

Kwa hiyo hapana. Sipigi.

Jumatano, 19 Machi

Spana haingii tena bustanini. Amezungusha kamba yake, amerudisha pima maji kwenye sanduku. Nikirudi namkuta sebuleni, redio imezimwa, saa yake ya ukutani inagonga.

Nusu saa yangu nimerudishiwa. Nimesimama pale leo peke yangu, kimya, kama nilivyotaka. Karoti zimelala chali, majani ya njano. Nimemwagilia nikaingia ndani hata kabla giza halijakaribia. Sina hamu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemsikia. Alikuwa nyuma ya tangi la maji na simu, anaongea kwa sauti ya kuficha, ambayo kwa fundi wa mabasi ni sauti ya watu wa kawaida. Ndiyo, shemeji. Hapana, shemeji, yeye hajui. Matatu, ndiyo, yananing'inia.

Shemeji yake ni mmoja tu.

Nilijitia hamnazo. Nikapakua chakula. Nikamuuliza alikuwa anaongea na nani, akasema na mafundi wenzake. Hata kudanganya hajui, masikio yanamgeuka rangi. Nimekasirika mpaka mikono imekufa ganzi, au ni pasi, siwezi tena kutofautisha.

Jumapili, 23 Machi

Kasema mwenyewe asubuhi, kabla sijanywa chai. Dada anakuja Jumamosi.

Nikamtolea yote ya moyoni. Kwamba ameingia jikoni kwangu, ameingia bustanini kwangu, sasa ameingia mpaka kwenye donda langu na tepu yake ya kupimia. Kwamba sikumwomba. Kwamba nimechoka, na hakuna mtu katika nyumba hii anayeelewa neno hilo. Sauti nilikuwa nayo kumbe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mimi ndiye niliyeharibu, acha nitengeneze. Hakuna kazi nyingine ninayoijua."

Nilimuuliza tu, dada alisema nini? Amesema atakuja. Amesema maneno gani? Hayo tu. Na aliuliza mashina yananing'inia upande gani, wa jua au wa kivuli.

Upande gani! Miaka yote hii, halafu anauliza upande gani.

Jana nilikuwa nimeyahamisha kivulini. Bila kuambiwa na mtu.

Jumatano, 26 Machi

Mashuka, mashuka, mashuka. Mwenzangu wa meza ya pili kaungua kiganja. Nimefanya ya kwake pia.

Nikipiga pasi natunga maneno ya kumwambia dada. Kila shuka na maneno yake. Yale makali kabisa yalinijia kwenye foronya za wodi ya watoto. Nikifika nyumbani nimeshayasahau, nabaki na mgongo tu.

Spana amekarabati kitanda cha chumba cha dirisha dogo. Sikumwambia. Amekaza miguu, amepiga msasa ubao. Nami nimetandika shuka. Sijui kwa nini nilichagua lile zuri.

Jumamosi, 29 Machi

Wako uani. Nimekuja jikoni kuchemsha maji na nimechukua kalamu, nisipoandika sasa hivi nitasema kitu.

Amefika kabla ya saa sita. Sikumtambua mara moja. Amekonda, na anatembea kama mama, mguu mmoja ukiburuza kidogo, mkono kiunoni. Nilikuwa nimejipanga kwa ajili ya dada yangu. Sikuwa nimejipanga kwa mwendo wa mama kuingia getini. Yale yote ya foronya yakapotea. Nikamwamkia kama mtoto. Akaitikia. Tukasimama. Spana akampokea mfuko na kuanza kumweleza habari za bawaba ya mlango.

Nikauangalia mfuko. Nilijua uko humo, mfuko wa mbegu. Nilishapiga moyo konde: nitapokea, nitashukuru, atakula, ataondoka.

Akaona ninavyoangalia.

"Sikuleta mbegu," akasema. "Sina. Zangu zilikufa mwaka uleule tuliomzika. Nilitamani kukuomba kila msimu. Ningekuombaje, kwa mdomo uleule?"

Spana akaacha habari za bawaba, akauweka mfuko chini.

Kwa hiyo hana. Hakuna mwenye nazo. Kasafiri njia yote ile na mguu ule kuja kuangalia mashina matatu yaliyong'olewa na fundi wa mabasi. Nilitaka kukasirika, kwamba hata hilo moja ameshindwa kunitunzia. Hasira ilikataa kuja. Nilikuwa natazama kidole gumba chake. Kina alama ya kisu kama changu, ya kupasulia bamia kavu kwa mama, yeye upande wake wa mkeka na mimi wangu.

Akaanza kusema, yale maneno yangu siku ile, mdogo wangu, yale maneno... Nikamkatiza. Nikasema naweka maji ya chai. Nimekimbia, ndiyo. Siko tayari kusikia, na siko tayari asiseme.

Sasa nawasikia kupitia mlango ambao haulii tena. Spana amepanda kwenye kigoda, anashusha mashina. Dada anamwambia ashike chini, asitikise. Shemeji, hiyo siyo nati. Anacheka yule mjinga! Na dada naye.

Anapasua. Ameanza na ya juu, kama mama, mabaya kwanza.

"Nyeupe," anasema.

Kiganda kingine.

"Nyeupe."

Spana anauliza kitu, simsikii vizuri, nafikiri anauliza kama gundi ingesaidia. Nyeupe. Nyeupe hii pia. Maji yanachemka, sijayatoa. Sasa wamefika ya chini, yale yaliyotangulia. Naijua sauti ya kiganda kikavu kikipasuka, na hii iliyopasuka sasa hivi siyo kama za kwanza. Au masikio yangu.

Hawasemi kitu. Mbona hawasemi kitu?

"Kijiti!"

Ananiita mimi, kwa jina langu la utotoni. Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama alipolala chumba kile. Spana mwenyewe hajawahi kuniita jina hilo.

"Kijiti, njoo na sahani ya mama!"

Sahani iko juu ya kabati, pale ilipopandishwa na Spana. Nimepanda kiti. Nimenyoosha mkono mpaka bega limelia, vidole vinagusa ukingo tu, vinaisukuma mbali zaidi. Nimeshuka. Maji yanamwagikia jiko. Katika nyumba ya mama mrefu alikuwa dada, kila kitu cha juu tulimwachia yeye.

Itabidi nimwite aje anishushie.